Mwalimu Aliyekataa Dhamira ya Neno Moja

Kwa Mwalimu wetu wa Kiswahili, kuiba mihogo ya shamba la shule lilikuwa kosa, kuchelewa kengele lilikuwa kosa, lakini kuandika dhamira ya riwaya kwa neno moja ilikuwa jinai. "Dhamira ya riwaya hii ni mapenzi," umeandika, ukaweka nukta, ukajiona umemaliza kazi. Daftari lingerudi na mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, na chini yake swali kwa mwandiko wake wa kulala: "Mapenzi yamefanya nini?"

Alituambia kwamba neno moja ni jina la basi tu. "Nimeliona basi, nimesoma jina lake ubavuni, linapendeza. Sasa niambie linakwenda wapi, limembeba nani, na nani ameachwa stendi." Tulicheka, kisha tukarudia kosa lile lile wiki iliyofuata, maana neno moja lina raha yake, hasa ukiwa na njaa.

Nilimjua miaka yangu yote ya sekondari ya wasichana pale Tabora, enzi ambazo tulilima asubuhi, tukasoma mchana na jioni tukaimba nyimbo za siasa. Jina lake silitaji. Si kwa siri yoyote, ila hakuna aliyelitumia. Walimu wenzake walimwita Mwalimu, wauza karanga sokoni walimwita Mwalimu, na hata mama yake mzazi, alipokuja kutoka Usoke na furushi la michembe ya viazi vitamu kichwani, alisimama getini akamwuliza mlinzi, "Mwalimu yupo?"

Alikuwa mfupi, amejaa kidogo, na kitambaa cha kichwani hakikuachana hata siku moja na rangi ya gauni lake. Alipanda baiskeli ya kiume, kitu ambacho kiliwapa watu wa mjini mazungumzo ya bure. Tatizo la baiskeli ile halikuwa kwamba ni ya kiume. Tatizo ni kwamba Mwalimu hakuweza kumpita mtu bila kumsalimia, na alisalimia akimtazama usoni, wa kulia na wa kushoto. Siku moja aliingia mzima mzima kwenye mtaro mbele ya msikiti, madaftari yetu yakatawanyika kwenye maji. Wanaume waliokuwa barazani walikimbia kumwinua. Yeye alianza kuyaokota madaftari na kuyapangusa kwa kanga, na mpaka alipofika shuleni ndipo alipogundua kwamba goti linatoka damu.

Alipanga vyumba viwili mtaa wa Chemchem, nyumbani kwa bibi mmoja mjane wa fundi cherehani, Mwislamu wa mjini hasa, aliyefuga paka wengi na kuwaamini watu wachache. Mwalimu mwenyewe alikuwa Mkristo wa Kimoraviani, tena wa kuimba. Alisahihisha insha huku akiimba tenzi, na bibi alituapia kwamba anaweza kujua alama zetu kwa kusikiliza sauti tu: insha nzuri ubeti unapanda, insha mbaya ubeti unakatika katikati. Mwezi wa Ramadhani Mwalimu hakufunga, ila ilipofika saa ya kufuturu hakuna aliyemtangulia kwenye mkeka.

Alasiri za Jumamosi alikuwa akimsomea bibi riwaya. Tulipopeleka madaftari tuliwakuta wamekaa ukumbini, Mwalimu na kitabu mkononi, bibi na paka mapajani, wanagombana. Bibi alikuwa na swali moja kwa vitabu vyote duniani.

"Wameoana?"

"Bado, bibi. Hapa ndiyo kwanza shamba la baba yake limechukuliwa."

"Basi niamshe wakioana."

Mwalimu alikasirika kweli. Alisema bibi anaua fasihi. Lakini Jumamosi iliyofuata tulimkuta anamsomea tena.

Hapo sijasema habari ya vitabu vyake mwenyewe. Darasani alitufundisha kwamba riwaya za upelelezi, zile za bastola na magari zilizokuja na watu kutoka Dar es Salaam, ni kutafuna hewa. Sasa, kwenye kapu la baiskeli yake kulikuwa daima na kitabu kimoja kimefunikwa kwa gazeti, kwa ustadi, kama kitabu cha dini. Rafiki yangu Mwajuma, binti wa mhunzi wa mjini, mtoto asiyeweza kuona kitu kimefunikwa asikifunue, alikifunua. Jaladani ilikuwa bastola, na mwanamke amevaa miwani ya jua.

"Nakisoma ili nijue makosa yake," alisema Mwalimu.

"Umefika wapi, Mwalimu?"

"Wamemteka yule dada bandarini," akajibu haraka, kisha akamtuma Mwajuma akafute ubao ambao ulikuwa safi.

Na alitukataza kuandika "inahuzunisha sana." Alisema huzuni ya msomaji si dhamira, ni jasho tu. Lakini akifika kwenye sura anayokufa mtoto, aligeukia ubaoni na kuandika tarehe upya, polepole, juu ya tarehe iliyokuwapo tayari. Sisi tulitazama madawati mpaka amalize.

Kitu kilichotuchanganya kuliko vyote ni siasa yake. Hakuna mwalimu aliyeiamini siasa ya Ujamaa kama yeye. Wengine walikuja shambani na miavuli. Yeye alikuja na jembe, na tuta lake lilikuwa limenyooka. Alikuwa na kadi ya chama na alilipa ada bila kukumbushwa. Wakati wa likizo alikwenda vijijini kufundisha watu wazima kusoma, akarudi mweusi kwa jua na mwenye furaha, anazungumza Kinyamwezi cha ndani kabisa ambacho wengi wetu tulikuwa tumekisahau. Ungedhani basi kwamba insha za kuisifu siasa zingempendeza. Wapi! Tulikuwa na tabia, na nadhani ilikuwa tabia ya shule zote nchini, ya kumaliza kila insha kwa Ujamaa. Kitabu kiwe cha mwizi wa ng'ombe, kiwe cha mwanamke tasa, mwisho utasikia: "Hivyo basi, mwandishi anatuhimiza tujenge taifa la kijamaa." Tuliiweka ile sentensi kama mtu anavyofunga mlango akitoka nyumbani.

"Naipenda siasa hii," alituambia siku moja, na hakuwa anatania, "ndiyo maana sitaki muitumie kuficha uvivu."

Dawa yake ya uvivu ilikuwa utani, na hapa lazima nieleze kidogo kwa wasiotujua. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi. Walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, wakapita katika nchi za watu, wakalala kwao, wakauguzwa na wengine wakazikwa huko. Njia ile ndefu ilituachia watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya kofia, kuja msibani kwako akamwigiza marehemu anavyokoroma, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Mtani anasema yale ambayo ndugu yako anaona haya kuyasema.

Mwalimu akaleta jambo hilo darasani. Kila mwandishi wa insha alipewa mtani. Ukisoma insha yako, mtani wako anasimama ubavuni, na kazi yake ni kukucheka kila ukisema jambo ambalo hujalionyesha. Ukinuna, unakwenda kuchota maji ya bustani ya jikoni. Mimi nilichota maji mengi sana, kwa sababu mtani wangu alikuwa Mwajuma.

"Dhamira ya riwaya hii ni mapenzi," nilisoma.

"Mapenzi ya nani na nani? Ya mbuzi na majani?"

"Ya kijana na msichana."

"Mbona kijana amemkimbia sura nzima? Nyie huko Bukene mnaita hayo mapenzi?"

Darasa linaanguka kwa kicheko, Mwalimu anacheka kuliko wote huku ameziba mdomo kwa mkono wenye chaki, na mimi natafuta ndoo. Lakini usiku ule ule ungekuta nimeandika upya, nimemfuatilia yule kijana alivyokimbia na kwa nini. Sijawahi kuona njia nyingine ya kufundisha iliyonikera na kunifaa kiasi kile.

Mwaka wetu wa mwisho tulipangiwa riwaya ya kijana anayerudi kwao kuwashawishi watu wahamie kijiji kipya. Watu wanahama. Nyumba zinapangwa mstari mmoja, kisima kinachimbwa, shule inajengwa, kijana anashangiliwa. Mzee mmoja tu, jirani yao wa zamani, anakataa kuhama, anabaki peke yake porini. Kijana anapiga marufuku mtu yeyote kwenda kumwona mpaka mzee atakapokubali. Na mama wa kijana huyo, katika sura fupi ambazo msomaji mwenye haraka anaziruka, anabeba uji kila siku na kurudi kimya kimya kule walikotoka, kumpelekea yule mzee.

Mwongozo uliosambazwa kwa ajili ya mtihani ulikuja na jibu lake tayari: dhamira kuu ni umuhimu wa kuhamia vijijini. Mimi nilisoma insha yangu nikasema dhamira ni ujamaa, nikajua hapo hakuna wa kunigusa.

"Ujamaa wa nani?" Mwajuma akauliza. "Wa huyu anayepigiwa makofi, au wa mama mwenye uji?"

Alisema ili kuniudhi tu. Niliudhika, nikachota maji, na nikiwa kisimani swali likaanza kunifanyia kazi. Nikarudia kitabu, safari hii nikifuata uji. Nikaandika kwamba katika riwaya hii kijana anawakalisha watu karibu karibu, lakini anayeishi na wenzake ni mama yake, na kwamba ili aishi nao ilibidi avunje amri ya mwanawe. Nikatoa mifano, sura kwa sura. Siku niliyoisoma, Mwajuma alisimama ubavuni kwangu mpaka mwisho bila kupata pa kuingilia.

"Soma tena," Mwalimu akasema.

Nikasoma tena.

"Hiyo ndiyo siasa ninayoilimia mimi," akasema, na sijawahi kusifiwa tena namna ile, si chuoni wala kazini.

Ndipo akaja mkaguzi. Alikuwa bwana mtanashati, suruali imepigwa pasi, Kiswahili chake cha Dar es Salaam kabisa, na walimu walikuwa wamenong'onezana kwamba ni Mzaramo. Kwa Mnyamwezi hiyo ni habari njema mno: Mzaramo ni mtani. Mwalimu alimkaribisha darasani kwa bashasha, akanisimamisha nisome insha yangu. Nilipomaliza, mkaguzi alikuwa amekunja uso.

"Nani anawafundisha kwamba mtu akivunja amri ya kuhamia kijijini ni shujaa?" akauliza.

"Mimi," alisema Mwalimu, akicheka. "Kaa kitako, mtumwa wangu. Babu yangu alifika kwenu na mzigo begani akamkuta babu yako amelala. Leo mjukuu ndiyo kaamka kuja kutukagua?"

Kwa mtani, hayo ni maneno ya kawaida kabisa. Angerudishiwa mengine mabaya zaidi, darasa lingecheka, chai ingeletwa. Lakini bwana yule hakuwa Mzaramo. Alikulia tu Dar es Salaam. Kwao kulikuwa kwingine kabisa, ambako wapagazi wetu hawakuwahi kupita na utani wetu haukujulikana. Aliyesimama pale alikuwa mtu mzima, mkubwa serikalini, aliyeitwa mtumwa na mwalimu wa kike mbele ya wanafunzi. Alifunga mkoba wake polepole. Hakuna aliyecheka, na Mwalimu akaelewa, nikaiona sura yake inaelewa.

Mkuu wa shule aliomba radhi, Mwalimu akaomba radhi, hata chai ikaletwa. Haikusaidia. Lile kosa la utani lingeweza kusahauliwa. Insha yangu haikusahauliwa, kwa sababu sasa bwana mkaguzi alikuwa na hasira na alitafuta mahali pa kuiweka. Alisema darasa lile lifundishwe mwongozo, neno kwa neno, na msichana yeyote atakayefeli kwa kuandika mambo mengine, jina la aliyemfelisha linajulikana.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alikuja kwa miguu.

"Andikeni," akasema. "Dhamira kuu ya riwaya hii ni umuhimu wa kuhamia vijijini."

Tukaandika. Kalamu tu ndizo zilizosikika.

"Mwalimu," alisema Mwajuma, "na yule mama?"

"Mama hayumo kwenye mtihani." Aliendelea kutazama nje ya dirisha. "Nataka mfaulu. Wengine wenu mnajua kinachowangoja nyumbani mkirudi mikono mitupu. Msiandike kingine. Nakataza."

Mimi nilijua kinachoningoja. Baba yangu Bukene alikuwa amekwisha kupokea posa na mahari ya mwenye duka, mtu mzima mwenye wake wawili na kichwa cha mvi, na aliniahidi jambo moja: nikifaulu, mahari inarudi. Wiki zile za mwisho Mwalimu alitusomea mwongozo kama mtu anayesoma bei za saruji. Utani wa insha uliisha. Nilimchukia kidogo, na nilimhurumia, na nadhani nilimpenda kuliko wakati wote.

Kwenye mtihani swali lilikuja waziwazi: jadili dhamira kuu ya riwaya uliyosoma. Niliandika mpaka kengele. Nilichoandika sikumwambia mtu, hata Mwajuma. Tukatawanyika, na matokeo yalipotoka jina langu lilikuwamo. Mahari ilirudi, baba akanuna mwezi mzima, mimi nikaenda kusomea uuguzi.

Nilipopita Tabora kuchukua cheti, Mwalimu alikuwa amehamishwa. Wengine walisema Kigoma, wengine walisema mbali zaidi. Nilikwenda Chemchem kwa bibi. Alikuwa hajui zaidi ya hapo, ila alinishika mkono akaniuliza kama ninakijua kitabu ambacho Mwalimu alikiachia katikati, na kama wale watu walioana. Nikamwambia walioana. Sikukijua hicho kitabu, lakini bibi alifurahi sana, akanipa halua.

Miaka ikapita. Nikapangiwa zahanati ya kwetu Bukene, na asubuhi moja nilikuwa stesheni na sare yangu ya uuguzi, nangoja sanduku la dawa kutoka Tabora. Treni ya Mwanza iliposimama, nikasikia sauti kutoka dirisha la daraja la tatu.

"Wewe! Mwangaluka! Muuguzi gani anasimama kizembe namna hiyo?"

Nilimtambua kwa sauti na kwa salamu ile ya asubuhi ya Kinyamwezi. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi sikioni.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Tulishikana mikono dirishani, tukaulizana kila kitu kwa pamoja kama watu wanaojua treni haikai. Alikuwa anakwenda Mwanza kwa mpwa wake. Alikuwa amestaafu, anaishi Usoke, analima tumbaku kidogo na kugombana na watu wa chama cha ushirika. Nilimwambia Mwajuma ni mwalimu sasa, na wanafunzi wake wanamwogopa. Alicheka mpaka abiria wenzake wakamgeukia. Kisha akanivuta karibu na dirisha, bado ameshika mkono wangu.

"Mimi nikiona msichana wa darasa lile mjini," akasema, "nilikuwa navuka barabara. Leo nimekuita kabla sijafikiri."

"Kwa nini uvuke, Mwalimu?"

"Kwa sababu niliwafundisha kusoma, halafu nikawakataza. Nilisema ni kwa ajili yenu. Nilikuwa naogopa tu, mwanangu. Nilimwogopa yule bwana, nikawafundisha na nyie kumwogopa. Miaka yote hii najiuliza nilibakiza nini kwenye vichwa vyenu. Wewe uliandika nini?"

Filimbi ya kwanza ikapigwa.

"Niliandika mama na uji," nikasema. "Mwanzo hadi mwisho. Mwongozo sikuugusa."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza, Mwalimu."

"Wewe ndiye uliyekuwa na posa ya yule mwenye duka! Na kama ungefeli?"

"Ningeolewa. Nililijua hilo nikiwa nimeshika kalamu. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwona yule mama, Mwalimu, na wewe ndiye uliyenionyesha namna ya kumwona. Sikuweza tena kuandika kwamba hayumo."

Alinitazama, na sikujua kama nimemfurahisha au nimemuumiza. Behewa likashtuka, likaanza kujivuta.

"Mkaidi," akasema. "Mtoto mkaidi, usiyesikia, huna adabu hata kidogo!"

Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka chini ya miwani, na safari hii hakugeuka kuyaficha. Hakuuachia mkono wangu. Nilitembea sambamba na dirisha, nikaanza kukimbia, sanduku la dawa nimelisahau, mpaka jukwaa likaisha na ikabidi tuachane. Bado nilimsikia akiwaambia abiria wa behewa zima, kwa sauti ya kujigamba kabisa, kwamba yule ni mwanafunzi wake na hakumsikiliza.